Filimbi Niliyoiandika Butembo

Nilikwenda Beni kusema sentensi moja. Nilikuwa nimechelewa miezi mitatu kuisema, na ninyi wenzangu wa kundi la maigizo hapa Butembo mnajua jinsi ninavyopenda kuongea, kwa hiyo mtashangaa kwamba sentensi moja tu ilinishinda muda wote huo. Sentensi yenyewe ni hii: ile filimbi niliiandika mimi.

Nianze na filimbi, maana bila hiyo safari hii haieleweki. Mchezo nilioutunga mwaka jana unahusu familia inayokimbia kijiji chake. Katika onyesho la tatu niliandika kwa mkono wangu: filimbi tatu fupi, watu wanakimbia. Tulipoucheza hapa Butembo, filimbi ilipolia watazamaji walicheka kidogo, wakanyamaza, na mwishoni wakapiga makofi. Hapa kwetu filimbi ni ya mwamuzi wa mpira na polisi wa barabarani. Nilifurahi sana siku ile. Nikautuma mchezo kwa Mama Katungu, anayeongoza kundi rafiki yetu kule Beni, nikamwambia aucheze ulivyo, asipunguze hata nukta. Ndivyo nilivyosema, hata nukta.

Kule Beni, kwenye mitaa ya pembezoni inayopakana na mashamba na pori, filimbi tatu fupi ni jambo jingine kabisa. Vijana wanaolinda mtaa huzipuliza wanapoona wauaji wanakuja, na kina mama hujibu kwa kugonga sufuria. Mtu akisikia hivyo haulizi swali. Hubeba mtoto aliye karibu naye na kukimbilia katikati ya mji. Nilijua hayo yote, nani asiyejua? Ila niliyajua kama mtu anavyojua habari aliyoisikia redioni akiwa anakula.

Basi Jumapili moja mchana, kwenye uwanja wa shule ya msingi, filimbi ikalia jukwaani na uwanja mzima ukakimbia. Mtaa wa jirani uliposikia makelele ukagonga sufuria, na wa tatu vilevile. Mukaka mmoja, bibi mzee aliyekuwa ameketi mbele kabisa, alimnyakua mtoto asiye wake, akakimbia naye nyuma ya shule hadi kwenye korongo lililochimbwa na mvua, wakatumbukia wote wawili. Mtoto alipona. Mukaka alifariki siku mbili baadaye.

Nilituma rambirambi kwa simu. Kisha nikapata visingizio. Kulikuwa na mitihani ya kusahihisha, barabara haikuwa salama, na ukumbi wetu ulikuwa umejaa watu waliokimbia kutoka upande wa Kirumba, nikasema siwezi kuwaacha. Vyote vilikuwa kweli, nami nilijificha nyuma ya vyote. Halafu siku moja sokoni nikakutana na Papa Musa, dereva wa lori anayeishi Beni, mtu wa familia ya Waislamu wanaofanya biashara ya usafirishaji tangu enzi ya babu yake. Tulikuwa tunasalimiana tu, akasema bila kujua anamwambia nani: "Ule Mama Katungu alisema mbele ya batu yote, filimbi ni ye njo aliitia mu mchezo. Iko na roho nguvu, ule mama."

Nilisimama pale sokoni na mfuko wangu wa viazi. Mama Katungu alikuwa amejitwika filimbi yangu. Nikamuuliza anarudi Beni lini. Akasema Ijumaa.

Ijumaa, saa moja asubuhi, Butembo. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya vilima, na baridi yetu mnaijua. Lori lilikuwa limepakia sabuni, chumvi na magodoro. Papa Musa aliniweka mbele karibu naye, akanyanyua mikono akaomba dua fupi, akawasha gari. Aliniambia mapema kwamba hatasimama ovyo njiani, kwa sababu anataka kufika kabla ya sala ya Ijumaa. Mimi nilikuwa nimevaa koti langu zuri. Nilitaka watu wa Beni waone kwamba nimekuja kwa heshima. Sasa nikilikumbuka koti lile naona aibu.

Kabla hatujamaliza nyumba za mwisho za mji nilimweleza kila kitu. Alisikiliza huku akikwepa mashimo.

"Donc ni weye," akasema.

"Ni mimi."

"Na ye anajua unakuya?"

"Hajui."

Alikwepa shimo jingine. "Fika kwake mbele," akasema. "Hapana enda kwa batu ya kilio mbele ya kuongea na ye. Beni batu banasikiaka maneno na masikio ingine."

Nilimwahidi kwamba nitaanza kwa Mama Katungu, nikidhani ananifundisha adabu tu.

Saa tatu, Maboya. Barabara ilikuwa na watu wanaotoka mashambani mapema kuliko inavyotakiwa, wanawake wenye vikapu vya mihogo, wakitembea wawili wawili na kugeuka nyuma mara kwa mara. Niliona nyumba zilizobaki kuta tu, na ndani ya kuta hizo mtu alikuwa amepanda maharage. Yalikuwa yameota vizuri. Papa Musa hakugeuza kichwa, nami sikumuuliza ni za nani.

Mbele kidogo kulikuwa na kizuizi cha askari. Mmoja, kijana mwembamba mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, akasogea upande wangu. "Ozokende wapi?" akauliza kwa Kilingala chao. Nikamwambia naenda Beni, nikatoa kadi yangu ya mpiga kura. Akauliza kazi yangu. Nikasema mwalimu, halafu, kwa kiburi changu cha kawaida, nikaongeza kwamba naandika michezo ya kuigiza. Akaniangalia kama aliyesikia habari njema.

"Théâtre? Bon, vieux, sekisa ngai."

Alikuwa anataka nimchekeshe. Hakuwa ananidhihaki, alikuwa anaomba kweli. Nilitafuta kichwani kichekesho chochote, hata kile cha padri na mbuzi tunachokirudia kila mwaka, nikakosa. Akarudisha kadi yangu, akapiga mlango wa lori kwa kiganja tuondoke. Papa Musa alicheka peke yake hadi kona iliyofuata. Mimi nilihuzunika zaidi ya kiasi, sijui kwa nini.

Baada ya Kabasha barabara ilizidi kushuka, ukungu ukaisha, nikavua koti. Hewa ya Beni ni nzito na ya joto, inanukia mbao mbichi na kakao inayoanikwa. Tuliingia mjini saa sita kasorobo. Papa Musa aliniteremsha njiani, akaenda kunawa kwa ajili ya sala. Akanikumbusha kwamba anarudi Butembo Jumapili saa nne, na kwamba hangoji mtu.

Ijumaa mchana, nyumbani kwa Mama Katungu. Ni fundi cherehani, na baraza ya nyumba yake ndiyo karakana, ghala la mavazi ya kundi na mahali pa mazoezi. Nilimkuta anashona sare za shule. Wengi wenu hamkumbuki vizuri historia yake, kwa hiyo niseme kidogo. Alikulia Mangina. Wakati wa Ebola, ugonjwa ulipoanzia kulekule kwao, yeye ndiye aliyekusanya watu wachache wakawa wanaigiza namna ya kunawa mikono na kuzika bila kugusa maiti. Walirushiwa mawe, wakaambiwa wanakula pesa za ugonjwa. Aliendelea. Baadaye mume wake aliuawa shambani na watu wa msituni, akahamia Beni na cherehani kichwani. Akaanzisha kundi upya, watu kumi na mmoja, kati yao wajane watatu. Hana sauti kubwa wala maneno mengi. Mimi, nikiwa naye, huwa naongea kwa niaba ya sote wawili.

"Mwalimu," akasema, bila kushangaa, akinisogezea kiti. "Ikala. Barabara?"

"Salama."

Aliniletea maji, kisha ugali na sombe ya majani ya mihogo, akangoja nile. Ngoma za kundi zilikuwa pembeni, zimefunikwa turubai na kufungwa kamba. Shefu wa avenue, mkuu wa mtaa ule, alikuwa amewakataza kupiga hata ngoma moja mpaka familia ya marehemu itamke neno. Neno hilo lilikuwa litamkwe kesho yake, Jumamosi, kwenye kikao cha baraza nyumbani kwa familia. Familia ikikubali, kundi litaishi. Ikikataa, basi, watu kumi na mmoja warudi kukaa nyumbani na huzuni zao, kila mtu na yake.

Nilipomaliza kula nikamwambia kilichonileta. Nikasema kesho nitasimama mbele ya wote niseme ukweli.

"Hapana sema," akanijibu.

"Lakini Mama, ni kweli."

"Najua ni kweli. Miye njo nilisoma karatasi yako." Alikata uzi kwa meno. "Sikiliza. Siku ya kilio, Kasereka aliniuliza, hii mchezo ni nani aliiandika? Kasereka ni mutoto mukubwa wa ule mukaka. Nikaangalia batu benye balikuwa pale. Kila mutu mu ile parseli alishazika mutu mwenye alichinjwa. Nikawaza, nikisema ni mutu ya Butembo, itakuwa nini? Batasema batu ya Butembo banakaa kule, banalala muzuri, kisha banaandika kifo yetu, banatutumia tuicheze. Njo nikasema ni miye. Miye bwana yangu alikufia mu shamba. Banaweza kunikasirikia, mais habawezi kusema sijui kile naongea."

Katika miezi yote mitatu niliyokuwa nikijilaumu, wazo hilo halikunipitia. Nilijilaumu kwa filimbi. Kuuandika mchezo wenyewe sikuwahi kuona kama kosa.

Akanieleza kwamba tangu mazishi anakwenda kwa ile familia kila Alhamisi. Hakuna aliyemwagiza. Alhamisi ya kwanza hawakumfungulia, akakaa nje ya mlango wa ua, chini, mpaka saa kumi, akarudi. Ya pili hivyohivyo. Ya nne wakamfungulia ili wamtukane vizuri. Alisikiliza. Ya sita alimkuta mke wa Kasereka anatwanga sombe, akachukua mchi wa pili. Ya nane wakampa kiti. Ya tisa wakampa chai, na kila wiki tangu hapo.

"Kwa hiyo unabeba kosa langu," nikasema.

"Nabeba trupe," akasema, yaani kundi lake. "Kosa yako iko ndani, sawa. Mais miye nabeba trupe."

Nikamwahidi kwamba sitasema kitu. Nilikuwa namaanisha. Aliniamini, akarudi kwenye sare zake, tukazungumza habari za nyumbani mpaka wanafunzi walipokuja kuzichukua.

Jumamosi asubuhi mji wote ulikuwa kwenye salongo, kazi ya usafi ya pamoja. Watu walifyeka majani kando ya njia na kuzibua mitaro, maduka yamefungwa mpaka saa nne. Mimi na Mama Katungu tulifyeka na watu wa mtaa wake. Sikuwa nimeshika panga siku nyingi, nikapata malengelenge, akanicheka. Niseme wazi kwamba asubuhi ile nilikuwa na furaha. Nilijiona mtu mzuri anayejua kunyamaza.

Saa tano tulikuwa kwenye parseli ya familia, kiwanja chao. Walikuwa wametandika turubai juu ya nguzo nne, na chini yake viti vya plastiki na mabenchi ya kanisa. Pasta wao wa Kiprotestanti alifungua kwa maombi. Shefu wa avenue alikaa na daftari mapajani. Watu wa kundi walikaa nyuma, wamevaa vizuri, kimya. Mama Katungu alikaa mbele, peke yake, na mimi nilikuwa benchi la pili, natambulishwa tu kama mgeni wake. Mke wa Kasereka alipitisha chai. Nilipokea kikombe kwa mikono miwili.

Kasereka akasimama. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, mkulima wa kakao ambaye hajaliona shamba lake miaka miwili. Hakuonekana mkali. Aliongea taratibu, akimtazama Mama Katungu.

"Mama, mbele ya kusema neno ya familia, nitatosha yote yenye iko mu roho yangu. Inabaki kidogo, nitatosha leo." Kutosha, kwao, ni kutoa. "Ulitafuta makofi. Ulichukua kilio yetu, ukaifanya mchezo. Mama yangu alikimbia mara tatu mu maisha yake. Mara mbili alikimbia adui. Mara ya tatu alikimbia weye. Adui hakumuua. Weye ulimuua, yulu ya kuchezesha batu."

"Ni vile," Mama Katungu akasema, kichwa chini.

"Hukumujua hata jina."

"Sikumujua. Ni vile."

"Utaishi na ile neno."

"Nitaishi na yo."

Hapo mimi nikasimama. Sina maelezo mazuri. Mnanijua, damu yangu inachemka haraka, na kumwona mwanamke yule ameinamisha kichwa akipokea maneno yaliyokuwa yangu, kwangu ilikuwa haivumiliki. Niliona ni uoga kuendelea kukaa. Nikasikia sauti yangu ikitoka kubwa, ile ya jukwaani, nikasema: "Si yeye. Mchezo niliuandika mimi. Filimbi niliiandika mimi. Yeye hana kosa."

Watu waligeuka. Mama Katungu hakugeuka.

Kasereka alinitazama muda, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kusoma kibao cha mbali.

"Weye unatoka wapi?"

"Butembo."

"Butembo," akarudia. Nyuma yangu mtu akalirudia tena jina la mji wetu, na mwingine, likapita kwenye mabenchi mpaka mwisho. "Donc mchezo ilitoka Butembo. Beko kule, banaandika vile tunakufa." Kisha akamgeukia Mama Katungu, na sauti yake ikashuka mpaka nilisikia kwa shida. "Mama. Ulikunywa chai yetu."

Kasereka akaingia ndani ya nyumba, akafunga mlango. Mke wake akaanza kukusanya vikombe. Alipofika kwangu, changu kilikuwa bado kimejaa. Alikimwaga chini mbele yangu, si kwa dharau, alikuwa anahitaji kikombe kikiwa kitupu. Shefu wa avenue akafunga daftari akasema baraza imeisha. Watu wa kundi waliondoka bila kutuaga. Pasta alibaki akitafuta miwani yake, kisha naye akaenda.

Njiani Mama Katungu alitembea mbele yangu. Tulipita mitaro tuliyozibua asubuhi. Nilianza kueleza, akainua mkono ninyamaze. Karibu na kwake ndipo alipoongea.

"Alikuwa anamaliza, Mwalimu."

"Alikuwa anakutukana."

"Alikuwa anamaliza. Mutu anatosha ya mwisho, kisha anasamehe. Alisema, hukumusikia? Inabaki kidogo, nitatosha leo. Shefu alishaandika mu daftari, familia inakubali. Jana jioni Kasereka alienda kumwambia."

Mimi, mtunzi, ninayewafokea ninyi kila wiki kwamba hamsikilizi mwenzenu anapomalizia maneno yake, sikutambua kwamba onyesho lilikuwa linakwisha. Niliona hasira nikadhani ndiyo kilele, nikaingia jukwaani.

Mchana ule sikula. Alinipa chakula vilevile, akakaa kwenye cherehani bila kushona. Mmoja wa wajane wa kundi alikuja, akasimama mlangoni, akamnong'oneza kitu kifupi, akaondoka. Nilimuuliza amesema nini. Akasema ameuliza kama arudishe vazi lake la kuchezea.

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia akae na lo."

Jumapili, saa mbili asubuhi. Nilipoamka kwenye chumba cha jirani nilichopewa, nyumba yake ilikuwa imefungwa. Nilidhani amekwenda kanisani. Nikafunga mfuko wangu, nikaenda kutafuta njia ya kumuaga, na kwa sababu barabara ya kwenda kwenye lori inapita kwenye mtaa wa ile familia, nilimwona.

Alikuwa amekaa chini, nje ya mlango wa ua, mgongo kwenye ukuta wa mbao. Mlango ulikuwa umefungwa. Haikuwa Alhamisi, lakini alikuwa pale. Watu waliokuwa wanakwenda kanisani walimpita. Wengine walimsalimia, wengine walivuka upande wa pili wa njia. Mwanamke mmoja alitema mate karibu na miguu yake, akaendelea kwenda na Biblia yake mkononi. Mama Katungu alisogeza miguu kidogo tu.

Nilikwenda nikachuchumaa karibu naye. Nikamwomba msamaha. Nilimwomba kwa maneno mengi, kama kawaida yangu, na machozi yakanitoka, hayakuwa ya jukwaani safari hii. Alisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nikae na wewe hapa," nikasema. "Wanione. Wanitukane mimi."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu jana. Uso wake ulikuwa umechoka, lakini haukuwa mkali.

"Utakaa siku ngapi?"

Jumatatu nilikuwa na masomo. Jumatano kulikuwa na mkutano wetu. Mke wangu alikuwa ananingoja kwa chakula cha usiku. Nilitafuta kichwani idadi ya siku ambayo isingeniaibisha mbele yake, na kila idadi niliyoipata ilikuwa na mwisho. Nilibaki nimechuchumaa hivyo mpaka magoti yakauma.

"Bon," akasema, kwa upole kabisa. "Enda. Gari itakuacha."

Nilikwenda. Ningependa kuwaandikia kwamba nilisita, kwamba nilirudi hatua kumi, lakini sikurudi. Papa Musa alikuwa ameshawasha lori. Aliniangalia usoni, akanifungulia mlango. Kwenye kizuizi askari wa zamu hiyo hakuniuliza kazi yangu. Tulipoanza kupanda baridi ikaniingia. Koti nililisahau Beni, kwenye msumari wa chumba nilicholala, na sijamwagiza mtu anirudishie.

Butembo, saa nane mchana. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Watoto wa wakimbizi walikuwa wanacheza mpira mbele ya ukumbi wetu, na filimbi ya mwamuzi ililia, na hakuna aliyekimbia.

Tangu nirudi mmeniuliza kwa nini nimeacha uenyekiti wa kundi. Niliwaambia nimechoka, na hiyo ilikuwa njia ya kukwepa. Nimeacha kwa sababu nilijifunza kule jambo ambalo sina. Nilidhani kiongozi wa watu wa sanaa ni yule mwenye kutunga vizuri na kusema kweli hadharani bila woga. Yote mawili nilifanya. Nilitunga, mtu akafa. Nilisema kweli, kundi likafungwa. Mama Katungu hakutunga na hakusema kweli. Alikaa tu mahali ambapo watu waliomkasirikia wangeweza kumpata siku yoyote wanayomtaka, na hakuwa na gari linalomngoja. Mimi lilikuwa linaningoja tangu nilipofika. Naona aibu, na sitaki mniambie kwamba nilikuwa na nia njema. Nimeambiwa hivyo na kila mtu hapa Butembo, na hakuna hata mmoja aliyeniambia hivyo kule Beni.

Mama Katungu hapokei simu zangu. Habari zake napewa na Papa Musa anapopita. Mlango wa Kasereka bado umefungwa. Mama anakwenda kila Alhamisi, ameanza kuhesabu upya kutoka ya kwanza. Juzi Papa Musa aliniambia kwamba sasa haendi peke yake. Wale watu kumi na mmoja wanakwenda naye, wanakaa chini kwa mstari kando ya ukuta, hawapigi ngoma, hawaimbi, hawaongei. Alhamisi iliyopita mvua kubwa ilinyesha tangu saa nane. Papa Musa alipopita na lori jioni walikuwa bado wamekaa.